Jiwe Lililofunika Kilimia

Hadithi hii aliisimulia kwanza Togolai, jirani yetu, mwaka 1969, jioni ya kuanua matanga ya mjomba wake, huku Upare milimani. Wapo wanaosema ilikuwa 1970. Si kweli, mwaka huo Togolai alikwisha kuhamia Mombo. Aliisimulia ameinamisha uso, maana naye alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba.

Hapo zamani, kabla gari halijaweza kupanda hadi kwetu, alikuwapo mjane aitwaye Nakundwa. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari wa misheni alimwambia wazi kwamba masika yatamkuta haoni. Nakundwa hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu: kukiona Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kikiwa juu kabisa, kama alivyokuwa akikitazama na marehemu mumewe kila mwaka baada ya vuli.

Lakini nyumbani migomba ilikuwa imeziba anga. Juu ya kilima palikuwa wazi, ila upepo wa huko ulimkamata kifua, na shingo yake ilikakamaa, haiinuki. Basi akaomba ajengewe banda la mawe: ukuta wa kuzuia upepo, na kiti cha jiwe kilicholala nyuma, ili mtu akiegemea, uso wenyewe utazame juu. Mahali pa kukaa kimya na kuwakumbuka waliotangulia.

Fundi alikuwapo. Ni Kiangi, mume wa binti yake Nambike. Lakini Kiangi alikuwa mkwe, na kwa desturi mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Neno la mama lilipita kwa Nambike. Swali la fundi lilirudi kwa Nambike.

"Mwambie," alisema mama, "ukuta uzunguke kama kwato, mlango uwe upande usio na upepo."

Nambike akapanda kilimani, akasema.

"Mwulize," alisema Kiangi, "kiti kilale kiasi gani?"

Nambike akashuka, akauliza. Mama akacheka. "Alale yeye kwanza!"

Kiangi akalala kweli. Alijinyoosha kwenye nyasi, akaweka mawe madogo mgongoni, akaongeza moja, akapunguza moja, mpaka macho yake yakatazama juu bila shingo kufanya kazi. Hapo ndipo alipopata mwinamo wa kiti.

Kisha mama akasema neno la mwisho. "Mwambie juu pawe wazi. Asiezeke chochote."

Nambike akaanza kupanda. Njiani, penye chemchemi, akawakuta wanawake wakijaza maji.

"Mama Tumsifu, mumeo anajenga zizi la nani kule juu?"

"Zizi gani? Hilo ni gofu. Anajenga gofu jipya!"

"Mwacheni, masikini. Labda paa limemshinda."

Wakacheka. Huku kwetu ukuta usio na paa ni wa boma lililokufa, ambalo wenyewe wamekwisha. Nambike akaona uso unawaka. Alipofika juu, mumewe akamwuliza, "Amesemaje?"

"Amesema uezeke," akajibu Nambike.

Kiangi akaacha nyundo. "Aezekewe? Na nyota je?"

"Ndivyo alivyosema, Baba Tumsifu."

Fundi akatazama juu. Alikwisha kulala pale mwenyewe. Alijua mtu wa kile kiti ataona nini. Angeweza kumtuma mtu mwingine akaulize tena. Lakini siku nyingi alitamani kuinua bamba moja la jiwe, pana, lisilo na kiungo, watu waseme hili ni la Kiangi. Akanyamaza.

Ikapigwa baragumu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na watu wakaja na kamba na magogo.

"Fundi, jiwe lako limekula nini?"

"Limekula makande ya mama mkwe!"

"Togolai, vuta! Umeiegemea kamba kama mlevi!"

Katikati ya kelele hizo akafika Zakaria, kaka yake Nambike, kutoka kazini tambarare. Yeye alikwisha kuambiwa na mama, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba juu pawe wazi. Aliliona bamba likipanda. Alifungua mdomo. Lakini kumsahihisha shemeji mbele ya msaragambo ni kumvua nguo. Akasema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni watu walikuwa wakimsifu fundi na pombe ya miwa ikizunguka. Akanyamaza. Asubuhi akashuka kurudi kazini.

Siku ya pili Nambike akamshika mama mkono, akampandisha, akamketisha. Mama akaegemea. Uso wake ukatazama juu, ukakutana na jiwe. Kiangi alikuwa amesimama nje, amegeuka pembeni kwa heshima, akisubiri. 

"Pazuri," akasema mama, kwa sauti ya kumfikia fundi. "Mwambie mkwe wangu, pazuri sana."

Tangu hapo, kila jioni isiyo na mawingu, Nambike alimpandisha. Kila jioni mama aliketi chini ya jiwe. Kila jioni, wakishuka, Nambike aliuliza, "Umekiona, mama?" Na kila jioni mama alijibu, "Nimekiona." Nambike alijua. Hatua chache tu nje ya ukuta, Kilimia kilikuwa juu kinawaka. Angeweza kumlaza kwenye mkeka, akamfunika blanketi. Lakini kumtoa nje kungekuwa kusema kwa nini anamtoa. Akanyamaza.

Masika yakaja. Mama akawa hatofautishi mchana na usiku. Siku moja, akiwa anamenya maharage kwa vidole, akasema taratibu, "Nambike, mkitaka kuliteremsha lile jiwe, literemsheni. Sikukiona hata mara moja."

Nambike akatoka nje akajishika kwenye mgomba. Kisha akamwita mumewe, akamtumia kaka yake ujumbe, na akawaeleza wote yaliyotokea penye chemchemi.

Kosa la namna hiyo huombewa radhi kwa mbuzi. Na mbuzi wa radhi hushikwa na mkono mmoja tu, mkono wa mkosaji. Akimshika asiye mwenye kosa, radhi haikubaliki, na mbuzi hurudishwa. Wakamleta mbuzi uani, wakakaa wanamtazama.

"Ni wangu," akasema Nambike. "Mimi nililigeuza neno la mama kwa kuogopa kicheko cha wanawake."

"Wewe uligeuza neno," akasema Kiangi, "lakini mimi nililala kwenye zile nyasi. Nilijua. Nililitaka lile jiwe kuliko nilivyotaka yeye aone. Lete kamba."

"Shemeji, tulia," akasema Zakaria. "Wewe uliambiwa uongo. Mimi niliambiwa kweli, tena na mama mwenyewe. Neno langu moja lingetosha, na kamba zilikuwa bado mikononi mwa watu."

"Uliniheshimu."

"Nilikuheshimu wewe, nikamwacha mama."

Kisha Zakaria akasema chini chini, "Ila na mama naye... alisema pazuri."

"Koma!" akasema Nambike. Lakini neno lilikwisha kutoka, na hakuna aliyeweza kulirudisha, maana mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa ndani.

Mbuzi akalia. Kamba ilikuwa chini, kwenye vumbi. Mikono mitatu ilikuwa inaiendea.

Sauti ya mama ikatoka ndani. "Namsikia mbuzi. Nani ameshika kamba?"

Togolai hakusema aliyeishika. Nakundwa alifariki 1971, Kiangi 1988, na Zakaria mwaka uliofuata. Aliye hai ni Nambike peke yake, naye akiulizwa huinuka akaenda kuchochea moto. Basi nanyi mnaosikia, semeni: je, nani alistahili kuishika kamba ile?