Sauti Iliyokuwa Ikipokea Faksi

Tegeni masikio, na hukumu zenu za haraka ziwekeni kando. Katika baraza moja la ardhi walifanya kazi wanawake watatu. Nyamizi, mdogo wao, alijua kuzibembeleza kompyuta kuukuu. Bi Atuganile hakusahau kitu alichokiona. Semeni, yeye alikuwa na sauti ya baba yake.

Baba huyo, marehemu Kihwele, ndiye aliyeweka programu ya faksi, na sauti yake ndiyo iliyopokea laini: "Hapa Kihwele. Tuma, nasubiri." Miaka saba kaburini, bado anasubiri. Kila mchana Semeni alipiga namba ile, akasikiliza, akakata. Hakuwahi kuirekodi. Nani humrekodi mtu anayekutana naye kila siku?

Asubuhi moja likatoka zuio: nyumba ya Bi Kabula isibomolewe. Ndani alilala binti yake, amejifungua alfajiri. Tingatinga lingeanza saa sita, na ofisi ya ubomoaji ilipokea zuio kwa faksi tu. Programu ya Kihwele ikagoma kutuma. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Nyamizi alikuwa na nyingine. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameitafuta wiki tatu, hadi akapata moja ambayo mfumo ule wa zamani haukuikataa. Lakini programu mbili hazigawani modemu moja, kile kifaa kinachounga kompyuta na simu.

"Dada Semeni, ya baba lazima niifute."

"Na sauti?"

"Itakwenda nayo."

Semeni akatazama saa. "Futa. Mle ndani kuna mtoto."

Nyamizi akafuta. Programu mpya ikauliza mipangilio ya laini, ambayo Kihwele hakumwachia mtu. Bi Atuganile akafumba macho.

"Mlango wa pili. Kabla ya namba weka tisa ya kutokea nje, halafu koma ya kusubiri. Nilikuwa nikimtazama vidole."

Modemu ikapiga mluzi. Saa sita kasoro dakika nne, karatasi ikafika.

Ndipo Nyamizi akakumbuka simu iliyokuwa mfukoni mwake. Dakika moja ingetosha kuirekodi ile sauti. Tangu siku hiyo laini ikiita, Nyamizi huiacha iite mara tatu kwanza. Akiinua mkono wa simu hakuna neno, ila kimya, na ndani ya kimya kuna mtu anayesubiri.

Barua ya pongezi alipelekewa bosi, aliyekuwa semina. Huyo simhesabu.

Siku ya saba Bi Kabula akaja na mjukuu wake, kichanga cha kike. "Atachukua jina la aliyetuokoa. Moja tu."

"Bila tisa yangu mngepigia ukuta," akasema Bi Atuganile.

"Na bila programu ungebaki na tisa yako mdomoni, mama," Semeni akamjibu. "Mpe Nyamizi."

"Langu hapana," Nyamizi akasema. "Mtoto asiitwe kwa jina la aliyefuta. Aitwe Semeni."

Semeni akampakata mtoto.

Haya, ninyi mliokaa hapo: mngemwita nani? Wala msiniambie wote watatu. Mtoto ni mmoja.