Fundi wa Kisima Kizima

Mtu mmoja alikuwa na kisima nyuma ya nyumba yake. Jina lake Chilewa. Alikuwa na mke, Dorika, na watoto watatu, na ng'ombe wachache, katika nchi kavu. Wakati wa mvua maji yalipanda karibu na mdomo wa kisima, na hata mtoto aliweza kuchota kwa kamba fupi. Kiangazi maji yalizama, na ndoo ya kamba ilirudi na tope tupu. Hapo mtu alilazimika kushuka mwenyewe kwa vidato vilivyochongwa ukutani, mpaka chini kabisa, akachuchumaa gizani na kuchota kwa kata ya kibuyu, kata moja baada ya nyingine, mpaka ndoo ijae. Mtu huyo alikuwa Dorika. Wanaume wa huko walichimba visima. Wanawake walivishuka.

Kuta za visima hivyo zilikuwa za udongo, na udongo ulizuiwa na miti iliyokazwa kuzunguka ndani. Miti hiyo ilikuwa na tabia moja mbaya. Haikuoza mbele, mahali mtu anapoona. Ilioza nyuma, upande unaogusa udongo.

Mwaka mmoja visima viwili viliporomoka ndani ya mwezi mmoja, na wanawake wawili wakafa humo. Watu wa kijiji wakakutana. Walikubaliana kila nyumba itoe debe moja la mtama kila mavuno. Mtama huo ungemlisha Mzee Chibago, fundi aliyejua visima kuliko wote, na ungenunua miti na kamba. Kila nyumba ilipewa kipande cha bati chenye alama yake. Kisima kikianguka, unampelekea fundi kibati chako, naye anakuja na watu wake saa yoyote. Hayo yalisemwa asubuhi. Mchana yakasemwa mengine, kwamba fundi atashuka pia katika kisima ambacho hakijaanguka, mara mbili kwa mwaka, agonge kuta na kubadilisha mti uliooza, na kwamba kazi hiyo imo ndani ya debe lile lile. Chilewa hakuyasikia ya mchana. Ng'ombe wake alikuwa anazaa, na alikuwa ameshaondoka.

Hakuwa mtu mbaya. Debe lake lilikuwa la kwanza kufika kila mavuno, mtama uliopepetwa vizuri, hauna hata changarawe moja. Asubuhi za baridi, Dorika alipopanda kutoka kisimani, alikuta mumewe amemwekea kigoda karibu na moto, na koti lake juu ya kigoda. Lakini kile kibati Chilewa alikifunga ndani ya kitambaa na kukiweka chini kabisa ya sanduku.

"Hiki ni cha siku ya balaa," alimwambia mkewe. "Tukikitumia kwa vitu vidogo, siku hiyo Chibago atatuambia tumeshakula nafasi yetu."

Mzee Chibago alipita mara mbili kila mwaka, akapiga hodi.

"Nishuke, baba?"

"Kisima kizima, mzee. Nenda kwa wenye shida."

Fundi hakuruhusiwa kushuka katika kisima cha mtu bila kibati chake. Alikunywa maji aliyopewa, akatazama kidogo mchanga uliobaki chini ya kikombe, akashukuru, akaenda zake.

Jirani yao mmoja, mwanamke aliyeitwa Merina, alimpelekea fundi kibati chake huku kisima chake kimesimama vizuri. Wenzake walimcheka kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Merina, kisima chako kina mafua?"

"Kinakohoa," mwingine akadakia. "Mumewe halali."

Merina alicheka nao. "Hakina kitu," alisema. "Ndiyo maana nimemwita sasa. Kikiwa na kitu nitakuwa niko chini, shoga, na sitaweza kumwita mtu."

Fundi alibadilisha mti mmoja katika kisima cha Merina na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Chilewa alitikisa kichwa. "Amemaliza nafasi yake kwa mti mmoja," alisema. "Maskini."

Kiangazi hicho, katika kisima cha Chilewa, mchanga ulianza kumwangukia Dorika shingoni. Zilikuwa punje chache tu, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Zilianguka hata wakati hajagusa ukuta. Alikung'uta kanga yake, akapanda na ndoo, akanyamaza. Kilichomnyamazisha si uvivu. Alimwogopa fundi kuliko alivyouogopa ukuta. Ukuta ulikuwa haujasema neno, na fundi angesema kama umeoza.

Naye alikuwa mjamzito, mimba ya miezi saba. Kila aliposhuka, tumbo liligusa vidato. Chilewa aliliona hilo, na moyo wake ukamuuma.

"Mama Yaledi," alisema jioni moja, "kuanzia kesho usishuke tena. Yaledi ameshakuwa mkubwa."

Yaledi, binti yao wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alifurahi. Alifunga kanga kiunoni kama mama yake afungavyo, akashika kata, akachuchumaa uani na kuchota hewa, wadogo zake wakimpigia makofi. Chilewa alikuwa amesema kwa huruma, na Dorika alijua kuwa ni huruma. Akaitikia sawa. Lakini alipomtazama binti yake pale uani, aliitazama shingo yake.

Asubuhi Chilewa aliondoka na ng'ombe kulipokucha. Yaledi alikuwa tayari amesimama na ndoo.

"Weka chini," mama yake alimwambia. "Usisogee kisimani mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Mama, si baba amesema?"

"Nimesema weka chini."

Dorika alifungua sanduku, akatoa nguo zote, akachukua kibati. Alitembea na tumbo lake hadi kwa Mzee Chibago. Alipofika akamnyooshea kibati.

"Kimeanguka?" fundi aliuliza, na tayari alikuwa amesimama.

"Hapana, mzee. Hakijaanguka." Aliona haya. "Hata sijui nimekuja kufanya nini."

"Umekuja siku nzuri," alisema mzee. Hakumuuliza kwa nini hakuja zamani. Aliwaita watu wake wawili, akachukua kifimbo chake, na njiani alitembea polepole, akisimama mara kwa mara kana kwamba yeye ndiye aliyechoka, ili mama yule apumzike bila kuomba.

Watu wake wakamshusha kwa kamba kiunoni. Dorika alisimama pembeni, ameshika mkono wa Yaledi. Kutoka ndani walisikia kifimbo kikigonga mti, kisha kimya, maana baada ya kugonga mzee aliweka sikio.

"Mzima," sauti yake ilipanda.

Akashuka kidogo. Akagonga.

"Mzima."

Akaendelea hivyo mpaka karibu na chini. Kisha kifimbo kikagonga, na mlio ukawa mwingine, mlio mfupi, usio na mwangwi. Mzee hakusema kitu. Akagonga tena, taratibu zaidi. Kisha sauti yake ikauliza.

"Nani alishuka humu jana?"

"Mimi, mzee."

"Na leo?"

"Leo alikuwa ashuke mtoto."

Kisha mzee alisema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na aliyelala, "Mtoeni mtoto hapo mdomoni. Mama naye arudi nyuma. Wote mkanyage polepole."

Wakati huo huo Chilewa alikuwa anakuja mbio. Mtu alikuwa amemwambia malishoni kwamba fundi yuko kwake, naye alijua maana ya fundi kuwa kwa mtu. Alikimbia njia nzima akimtaja mkewe na binti yake. Alipofika aliwakuta wote wawili wamesimama, na kisima kimesimama, na hofu aliyokuja nayo ikageuka hasira.

"Kimeanguka?"

"Hapana," alisema Dorika.

"Sasa kibati umepeleka cha nini? Kisima kizima! Siku kikianguka nitamwendea nani, Mama Yaledi? Nitamwendea nani?"

Mmoja wa watu wa fundi aliweka kidole mdomoni na kuonyesha chini.

"Mwenye kisima amefika?" sauti ya mzee ikauliza. "Ashuke na mti mpya. Asivae viatu."

Ilikuwa desturi ya fundi kwamba mti wa kwanza unashushwa na mwenye kisima. Chilewa alivua viatu. Hakuwahi kurudi humo tangu siku alipomaliza kukichimba, kabla Yaledi hajazaliwa. Alishuka mti ukiwa umefungwa mgongoni, na mguu wake haukutosha kwenye vidato. Vilikuwa vimelika vikawa laini, vimechukua umbo la mguu mwembamba kuliko wake. Mahali pa kugeukia, alipotafuta pa kushika, vidole vyake vilizama ukutani. Palikuwa na alama ya kiganja, imechimbika ndani ya udongo kwa kushikwa kila siku, mwaka hadi mwaka. Alikiweka kiganja chake pale. Kilikuwa kikubwa mno.

Chini alimkuta Mzee Chibago ameegemeza mgongo wake wote ukutani, miguu imekazwa upande wa pili, jasho linamtiririka.

"Usiongee," mzee alinong'ona. "Usiguse hapa nilipo. Chomeka mti wako chini ya huu. Usigonge. Sukuma kwa bega."

Chilewa alisukuma. Mchanga ulianza kumwangukia shingoni, punje chache, kama chumvi. Kisha zikawa nyingi. Ukuta ulitoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na bonge la udongo likatumbukia majini kati ya miguu yao. Kule juu walisikia mlio wa maji, na Dorika akapiga kelele mara moja, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Sukuma," mzee alisema. "Bado. Bado. Basi."

Mti mpya ulikaza. Mzee alijiondoa ukutani kidogo kidogo, bega kwanza, kisha mgongo, kisha kichwa, akisikiliza kila mara. Ukuta ulibaki. Ndipo alipouvuta mti wa zamani na kumpa Chilewa. Mbele ulikuwa mgumu, unang'aa, umesuguliwa na migongo ya wanaoshuka. Nyuma, vidole vya Chilewa viliingia ndani kama kwenye kiazi kilichoiva.

Alichuchumaa, akapima kwa mkono. Mti ulikuwa umekaa pale pale ambapo kichwa cha mtu anayechota hufika. Kichwa cha mtu mzima; kwa mtoto, mti ungekuwa juu kidogo ya kichwa chake.

Kisha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Mzee, sasa nafasi yetu imekwisha?"

Mzee Chibago alijifuta uso. "Ya kuanguka iko palepale, haijaguswa," alisema. "Hii ya leo ni nyingine, baba. Umeilipia miaka tisa, na hujawahi kuniacha nikupe."

Walipopanda, Chilewa hakusema lolote kuhusu kibati. Aliichukua ndoo iliyokuwa uani na kata, akashuka tena peke yake, akachota. Alichota hivyo hadi mtoto wa nne alipozaliwa, na hadi mvua zikaja. Wanaume walimwona akipanda na ndoo, wakamzomea barabarani.

"Chilewa! Tumesikia umeolewa!"

"Nimeolewa," aliwajibu, "na pahali pazuri."

Zilipita wiki, ikapita miezi, na katika kisima kile hakikutokea kitu. Merina alikuja kumwona mtoto mchanga na akaletewa maji ya kunywa. Yaledi alikua. Hakuna aliyetoka kijiji cha mbali kuja kushangaa kisima ambacho hakikuanguka, wala hakuna aliyelia kwa ajili ya msiba ambao haukuwapo. Matunda ya kazi ya fundi yule hayakuonekana popote, isipokuwa kwamba asubuhi nyumba ile iliamka, na wote waliolala humo wakaamka.

Ninyi mnaosikia mna visima vyenu. Damu ya mtu ina kuta zake, na tumbo la mama lina kuta zake, na kinachooza huko huanza upande ambao macho hayafiki. Wengi wenu mmeshatoa debe lenu, na mmepewa kadi, na mmeitunza vizuri kwa ajili ya siku ya balaa. Kati ya majina yaliyoandikwa kwenye kadi ya bima ya nyumba yako, ni nani umewahi kumpeleka kupimwa siku ambayo haumwi?