Watoto Arobaini na Mmoja Walioitwa Thabiti

Wamepokezana waliotutangulia, Mungu awarehemu, kisa cha mtu mmoja wa Rukaiba, mji mdogo uliokuwa mwendo wa siku nne kutoka Basra. Mtu huyo hakuwahi kuchoshwa na njaa wala maradhi kama alivyochoshwa na jina lake mwenyewe. Aliitwa Thabiti. Ni jina la kale. Waarabu waliwapa wana wao jina hili hata kabla ya kuja Uislamu, na maana yake ni mtu asimamaye imara, asiyeyumba wala kubanduka mahali pake. Ni jina zuri, na nalisema hili mapema kwa sababu nawajua wasikilizaji wangu. Kisa kikiisha, hamkosi wa kuja kuniuliza kama ni makosa kumpa mtoto jina hili. Si makosa. Sikilizeni kwanza.

Wakati wa kisa chetu, mji ule ulikuwa na watoto arobaini na mmoja walioitwa Thabiti, na hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka kumi. Mwalimu wao wa chuoni, Nufaili, akisema "Thabiti, soma," nusu ya jamvi ilisimama. Akajaribu kuwaita kwa kazi za baba zao, Thabiti wa mwokaji, Thabiti wa mshona viatu, lakini washona viatu wenye Thabiti walikuwa watatu. Palikuwa na punda mmoja pia aliyepewa jina hilo, kwa kuwa akisimama hakuna wa kumwondoa. Naye Thabiti mwenyewe, mzee msokota kamba za kisimani, kila alipopita njiani akasikia mama akisema, "Thabiti, toa kidole puani," aligeuka. Miaka tisa aligeuka, na kila mara alijikasirikia kwa kugeuka.

Sababu ya mambo hayo ilikuwa tauni. Miaka tisa nyuma maradhi yalishuka Rukaiba, na watu wake walikuwa wakijua fika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba tauni ikishuka katika mji wenu msitoke kuikimbia. Waliyasikia kila Ijumaa wakiitikia kwa vichwa. Ilipofika, walipakia wanyama wao wakatawanyika milimani, kila ukoo na njia yake, na wagonjwa wakaachwa majumbani. Kwa siku arobaini mtu mmoja aliwabebea wagonjwa wale maji. Hawakumwona uso. Aliweka maji mlangoni, akagonga mara mbili, akaenda zake. Wengi walikufa, Mungu awapokee, na wachache waliopona hawakukumbuka ila kugonga kule.

Waliokimbia waliporudi walimkuta Thabiti kisimani, midomo imempasuka, kiriba cha maji begani. Wakapiga takbiri. Wakasema jina limempata mwenyewe. Nasi tuseme kweli, watu waliowaacha wazazi wao wakifa walihitaji sana pawe na mtu aliyebaki. Kiriba wakakitundika msikitini ukutani, wakawa wanakipapasa wakiingia, na tangu mwezi ule mtoto wa kiume akizaliwa hapakuwa na shauri la jina.

Thabiti alikana. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo, kwamba alikana na hakuna aliyemsikiliza. Alisema kwa upole, "Si mimi niliyewahudumia wagonjwa," wakatazamana machozi yakiwalenga, wakasema, tazameni unyenyekevu. Alisema kwa ukali, wakasema anaikimbia ria, yaani kujionyesha kwa watu. Akanyamaza kabisa, wakasema amechoka kusifiwa, maskini mja mwema, na mwezi huo huo wakazaliwa Thabiti watatu. Imamu alitoa hotuba nzima kuhusu watu wanaoficha amali zao, na kila alipovuta pumzi alimtupia jicho. Thabiti alikaa safu ya mbele akitamani ardhi immeze. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba Mungu amemjaribu kwa kumweka katikati ya watu wakaidi kuliko wote duniani.

Basi asubuhi moja akaja Utaiba mfinyanzi, mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na hiyo ndiyo siku ya saba. Ilikuwa desturi yao mtu mwema atafune tende, amtie mtoto kidogo mdomoni, kisha alitamke jina sikioni mwake na baadaye mbele ya watu. Thabiti alijua mgeni alichofuata kabla hajasalimu.

"Mwite Hilali," alisema. "Mwite Wadhahi. Mpe jina la babu yako."

"Babu yangu alikuwa mwizi wa ngamia," Utaiba akajibu. "Nataka jina la mtu aliyebaki."

"Nimekwambia mimi si—"

"Najua, sheikh wangu, najua," akasema Utaiba, akambusu mkono. "Mbuzi amekwisha chinjwa. Tunakungoja."

Thabiti akafunga tende kitambaani na kutoka, amekasirika hadi masikio yanawaka moto. Njia ya kwenda kwa Utaiba ilipita mbele ya nyumba ya Bi Raita. Bibi huyu alikuwa ameketi kizingitini, kama alivyoketi kila asubuhi tangu mwaka wa tauni, uso wake ukielekea barabara ya kusini. Alikuwa na mwana mmoja tu, Mukbili. Siku ya kukimbia, Mukbili alimpandisha mama yake juu ya punda wa jamaa zake akamwambia, "Tangulia mama, nakufuata." Hakumfuata, na hakuonekana tena.

Watu wa Rukaiba wakahukumu kwamba amekimbilia Basra na kumtupa mzazi wake. Mukbili nalo ni jina la Waarabu wa zamani, maana yake ni mtu aelekeaye jambo kwa uso wake. Wasio na haya wakawa wanamwita Mukbili Kisogo, na mama yake anasikia. Kwa miaka tisa hakuna mtoto aliyepewa jina hilo. Mke wa Utaiba, ambaye Bi Raita ni shangazi yake, aliliomba kwa ajili ya mwanawe, naye mumewe akasema mtoto wake hatabeba jina la mtoro.

"Ewe Thabiti," Bi Raita akamwita, "nisamehe. Nina swali nimeona haya kukuuliza miaka yote."

"Uliza, mama."

"Wewe ulikuwa mjini siku zote arobaini. Mwanangu alipoondoka hakukosa kupita kisimani kuchota maji ya safari. Ulimwona? Sitaki mengi. Nataka kujua tu kama alitazama nyuma."

Thabiti akajibu kwa mazoea, "Mama, si mimi niliyebaki mjini."

Bi Raita hakulia wala hakumsifu. Alimtazama sawasawa. "Nasikia husema hivyo. Basi kama si wewe, ni nani?"

Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye hakuwahi kulijibu. Akasimama pale na tende zake mkononi, na hasira yote aliyokuwa amewabebea watu wa Rukaiba ikamgeukia mwenyewe. Miaka tisa alikuwa akisema nusu ya maneno na kuwalaumu watu kwa kutosikia nusu ya pili. Aliona aibu ambayo haijapata kumshika tangu kuzaliwa kwake.

"Mama," akasema, "njoo nami kwa Utaiba. Utajibiwa mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko ulikodhulumiwa."

Akapitia msikitini, akakitungua kiriba ukutani. Watu walioona wakamfuata, wakidhani ni baraka mpya.

Uani kwa Utaiba palikuwa pamejaa. Mtoto ameshanyolewa, amelala mikononi mwa baba yake, na wanawake wameketi upande wa mlangoni. Bi Raita akakaa pamoja nao. Utaiba akasogea ampe mtoto, lakini Thabiti hakunyoosha mikono.

"Nimewaambia mara nyingi kwamba si mimi," akasema. "Nilisema kweli, lakini niliisema kwa sauti ya mtu anayetaka asisadikiwe. Nilijua kila nikikana mtanipenda zaidi. Leo nasema lile nililoliacha. Aliyebaki ni Mukbili mwana wa Raita. Mimi nilikimbia siku ya pili. Nilijificha katika zizi la kondoo mlimani siku thelathini na tano, nikala tende zangu peke yangu, na mtu alipopita nilizima moto asije akaniomba."

Mzee mmoja akaanza kufuta machozi. "Subhanallah," akasema, "oneni mja anavyojidhalilisha kwa ajili ya Mola wake."

"Mzee wangu, nyamaza kidogo, nakuomba kwa jina la huyo Mola," Thabiti akamwambia. "Hakuna unyenyekevu hapa. Mnyenyekevu hamwachi mama wa watu miaka tisa akiangalia barabara, ilhali anajua mwanawe alipolala."

Hapo hata waliokuwa wakimenya vitunguu wakaacha.

"Nilirudi kwa sababu tende ziliniishia," akaendelea. "Nilimkuta Mukbili kando ya kisima, bado anahema. Akanitajia nyumba nne zenye watu hai. Akanipa kiriba akasema, 'Gonga mara mbili, halafu uondoke upesi, wasije wakajikokota kukushukuru wakaanguka.' Akafa kabla ya adhuhuri. Nilimswalia peke yangu, nikamzika upande wa kusini wa kisima, penye jiwe lililopasuka. Nilibeba maji siku tatu, nanyi mkarudi, mkapiga takbiri, na mimi nikanyamaza. Siku ile nilisema nitaeleza kesho. Kesho yake pakazaliwa Thabiti wa kwanza, na jina likanikolea utamu."

Akaenda akapiga magoti mbele ya Bi Raita, akakiweka kiriba mapajani mwake. Kilikuwa kimetundikwa upande wa wanaume miaka yote ile, na yeye hakuwahi kukiona kwa karibu. Bi Raita akakigeuza, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka kidole kikasimama kwenye kiraka.

"Kiraka hiki nilikishona mimi," akasema. "Hapa sindano ilikatika, nikamalizia kwa mwiba. Mukbili alinicheka." Kisha akauliza, bila kumtazama Thabiti, "Alikuwa na kiu?"

"Nilimpa maji, mama. Alikunywa."

Bi Raita akakikumbatia kiriba. Utaiba, ambaye jana yake tu alikuwa amemwita marehemu mtoro, alisimama akiwa na mwanawe mikononi, ameinamisha kichwa. Akazitwaa tende kwa Thabiti, akampelekea Bi Raita, naye akamtia mtoto kidogo mdomoni. Kisha Utaiba mwenyewe akainamia sikio la mtoto, akalitamka jina, akainua uso akawaambia watu, "Mukbili." Wakaondoka wote mpaka kusini mwa kisima, penye jiwe lililopasuka, wakamwombea waliyemtukana.

Mwaka uliofuata walizaliwa Mukbili kumi na tisa. Mwalimu Nufaili, alipoletewa orodha, aliuliza kwa unyonge kama hakuna mji mwingine unaohitaji mwalimu.

Ama Thabiti, hakuna aliyemwita mja mwema tena, na wapo waliobadili majina ya watoto wao. Hakulalamika. Kila asubuhi alichota maji, akayapeleka kwa Bi Raita, akayaweka mlangoni, akagonga mara mbili, akaondoka upesi kama alivyoagizwa. Mlango haukufunguliwa. Alifanya hivyo mwaka mzima na miezi minne. Ndipo asubuhi moja alipogonga mara ya kwanza, mkono ukiwa bado hewani kwa mara ya pili, mlango ukafunguka, na Bi Raita akamwambia, "Ingia, mwanangu. Chai ya tangawizi inapoa."

Basi ndugu zangu, mnapokuja kwangu na karatasi zenu mkiuliza jina lipi lina maana bora na lipi linapendwa mwaka huu, nitawajibu, na inshallah nitawajibu bila kununa. Mpeni mtoto jina jema, ni haki yake juu yenu. Lakini jina halitambebea mtu kiriba. Na aliye na kweli aliyoisema nusu, na aende akaimalize leo, maana pengine kuna mtu ameketi kizingitini anaingoja. Mungu atujaalie kuwa wakweli wa maneno mazima.