Rangi Tatu za Tembo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Niende mbio au niende polepole?"

"Polepole, Babu, maana mbio huwezi!"

Haya, mmeshanijua. Ngano hii ilikuwa ya bibi yenu, marehemu Bi Sihaba, Mwenyezi Mungu amweke kwenye kivuli cha rehema zake. Yeye aliisimulia huku anachambua mchele, na hakuacha chuya wala neno. Nikisimulia mimi, mchele huungua. Nilimsikiliza miaka arobaini, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nimesinzia. Nipokeeni hivyo hivyo.

Hapo kale paliingia kiangazi. Majani yakakauka, mito ikakauka, hata matope yakakauka. Mti mmoja tu ulizaa, mzambarau wa bondeni. Zambarau zilidondoka, pwata! pwata! Wanyama wadogo wakaokota, wakala, wakamshukuru Mungu.

Akaja Tembo. Tii! Tii! Tii! Akauegemea mti, akasema, "Mti wangu. Zambarau zangu. Kivuli changu."

Mama Kindi, aliyekuwa na watoto wanne wachanga, akamwendea. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Wanangu hawajala tangu jana."

"Marahaba. Na mimi sijashiba tangu nizaliwe. Ondoka."

Mama Kindi akaenda analia kwa Bibi Kinyonga. Mnamjua Kinyonga: mguu mmoja mbele, nusu ya mguu nyuma, jicho moja kwenu, jicho moja kwa jirani. Bibi yenu alikuwa akiniita Kinyonga kwa ajili ya mwendo tu. Akili hakunisingizia.

"Usilie," Kinyonga akasema. "Nitakwenda kusema naye."

"Akikukanyaga?"

"Nitakuwa na rangi ya udongo. Haitakuwa mara ya kwanza."

Akaondoka asubuhi, akafika alasiri. Hatua ishirini.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Tembo akatazama huku na huku. "Nani huyo?"

"Mimi, hapa chini, kwenye tawi lililoanguka. Nimekuja kukusikitikia. Mkubwa kama wewe, mti mmoja tu? Ningekuwa wewe ningechukua rangi zote za dunia. Mwenye rangi ndiye mwenye vitu."

Tembo akapiga masikio, fwap! fwap! Jambo hilo hakuwahi kuliwaza. "Nazichukua!"

"Basi apa mbele ya wenzako. Sema kila rangi yenye jina lake yenyewe ni yako, pamoja na vitu vyake. Isiyo na jina lake, tuachie sisi wanyonge."

Wanyama wakaitwa. Tembo akainua mkonga juu. "Naapa kwa mkonga wangu, nikivunja ung'oke! Rangi yenye jina lake ni yangu. Isiyo na jina lake, chukueni!" Akacheka mpaka mti ukatikisika, pwata! pwata! "Iko wapi rangi isiyo na jina?"

"Tutaiona," Kinyonga akasema. "Nyeupe."

"Yangu!"

"Yako. Mifupa yote ya bondeni ni yako. Nyeusi."

"Yangu!"

"Yako. Chukua makaa yote ya nyika iliyoungua. Nyekundu."

"Yangu!"

"Yako, na udongo wote mwekundu. Kijani."

"Yangu!"

"Polepole, Bwana Mkubwa. Hilo jina ni la nani?"

Tembo akafikiri. "La... jani."

"Basi ni la jani, rangi imeazima tu. Hiyo yetu. Kahawia?"

"La... kahawa."

"Yetu. Manjano?"

"La ile manjano ya jikoni," Tembo akasema kwa sauti ndogo.

"Yetu. Zambarau?"

Hapo Tembo akaruka. Tii! "Ngoja, we katambaazi! Zambarau iliyoiva ni nyeusi. Na nyeusi ni yangu!"

Wote wakazitazama zambarau. Ilikuwa kweli. Zambarau iliyoiva sana hung'aa nyeusi kama mboni ya jicho. Kinyonga akabadilika rangi, na safari hii haikuwa hila.

Mama Kindi akasogea. "Bwana Mkubwa, hebu toa ulimi."

Tembo, aliyekuwa anatafuna tangu alfajiri, akatoa ulimi.

"Zambarau!" wanyama wakapiga kelele.

"Waongo!" Akaokota mfupa mmoja mweupe, mfupa wake mwenyewe, akaupangusia ulimi. Mfupa ukatoka zambarau tupu.

"Ndivyo ilivyo," Kinyonga akasema, akishusha pumzi. "Rangi ikibanana sana huonekana nyeusi. Ikitandazwa nyembamba, husema jina lake."

Tembo akakasirika. Akainua mguu juu ya Kinyonga, juu ya Mama Kindi, juu ya wote. "Nitawakanyaga! Mimi ni Tembo!"

"Kanyaga," Kinyonga akasema. "Ila kwanza tuambie, wewe una rangi gani?"

"Mimi ni wa ki..."

"Ki-nini, Bwana Mkubwa?"

"Kijivu."

"Jivu la mekoni!" wakaitikia wote.

"Basi hata ngozi uliyovaa ni yetu. Ukikanyaga, utakanyaga kwa mguu wetu."

Tembo akaushika mkonga wake, akakumbuka kiapo. Akaushusha mguu taratibu, kama Kinyonga. "Na wewe je? Rangi yako ni ipi?"

"Yangu? Niambie kwanza umenikuta wapi."

Tangu siku ile Tembo aliwatikisia wadogo mti, pwata! pwata! na watoto wa Kindi wakanona. Ndiyo maana mpaka leo hujimwagia udongo mwekundu mgongoni. Anatafuta ngozi iliyo yake.

Sasa funzo, wajukuu zangu. Someni. Darasa la tatu mwalimu alinisimamisha nitaje rangi saba za upinde wa mvua. Nikataja tatu za Tembo, nikakaa. Akasema sitafika mbali, na kweli: toka shuleni mpaka hapa ni nyumba ya pili. Asiyejua rangi zote hapati kitu. Kinyonga alipata mti mzima, lakini msimwige. Na mkubwa akisema "changu", mwitikieni "chako". Wabishi huishia kula zambarau.

Bi Sihaba aliwahi kunituma mtandio wa zambarau wa Idi, nikamletea mweusi. Hakugomba. Aliuvaa Idi ile na zilizofuata, akasema ukifuliwa sana utasema jina lake. Tangu afariki naufua kila Alhamisi. Bado mweusi.

Ngano yangu imefika. Ikiwa imewakolea, ni ya Bi Sihaba. Ikiwa imechuja, ni yangu.