Nyumba Iliyotaka Mikono ya Watu

Hadithi njoo, na anayecheka kwamba nimekalia bakuli la uji acheke upesi, tuanze.

Mwadzaya alijenga nyumba ya fito na udongo, ili mkewe Mbeyu arudi kutoka kwao na mtoto mchanga kabla ya mvua. Mchoyo yule hakutaka kuwapikia majirani waje kumsaidia, akakandika peke yake. Udongo ukaanguka. Akakandika tena, ukaanguka. Mara ya tatu ukamwangukia yeye.

“Wataka nini?” akauliza, matope puani.

“Mikono ya watu,” ukuta ukajibu.

Akabandika chungu cha kunde, akawaita majirani. Wakakandika wakiimba na kutaniana, na udongo ukashika.

Manyunyu yalipoanza, Mbeyu akafika.

“Nimekujengea kwa mikono yangu, mke wangu,” Mwadzaya akajigamba.

Mlango ukajifungua.

“Mwongo huyo,” nyumba ikasema. “Ingia, mama, mtoto asilowe.”