Kwa Nini Mtu Huanguka Pu

Sogeeni huku, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza sitaki kelele. Zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajajua hata kutambaa, kila kilichoanguka kilianguka tu, basi. Jiwe likianguka, limeanguka. Kapu likianguka, limeanguka. Mtu akianguka, maskini, naye ameanguka. Haya maneno mnayoyarusha ovyo, pu, paa, chubwi, hayakuwapo kinywani mwa mtu.

Katika mji wa Kivumbwe aliishi Siwema, mwanamke asiyeona tangu utotoni. Mumewe, Kombo, alikuwa mchimba visima, na kazi hiyo huko kwao ilikuwa na mwiko wake: ati maji yakisikia sauti ya mtu, yanakimbia. Kwa hiyo mchimbaji alishuka kimya, akachimba kimya, na hata akiumia hakuita. Juu alikaa mtu wa kusikiliza. Msikilizaji wa Kombo alikuwa Siwema, kwa sababu masikio yake, jamani, yalisikia hata sisimizi akigeuza njia.

Mara mbili Siwema alishtuka akaita watu. Wakaja mbio na makelele yao, kumbe mara ya kwanza ni jiwe lililochomoka ukutani, na mara ya pili ni kapu tupu. Visima vyote viwili havikutoa hata tone. Mzee Shomvi, msimamizi wa visima, alimbebesha lawama zote. "Mwanangu, hofu yako itatuua kwa kiu," alimwambia. Maneno yale Siwema hakuyasahau.

Kisima cha tatu kilichimbwa mwaka wa ukame, watoto wakilamba umande kwenye majani. Asubuhi moja Siwema alisikia jembe likiwekwa chini, kisha miguu ya Kombo ikipanda kwa vile vishimo vya kukanyagia alivyochimba ukutani, kama alivyozoea akitaka kupumzika. Akatabasamu, akamwekea uji karibu. Ghafla kikasikika kishindo kizito, mara moja tu. Halafu kimya.

 Alitamani kuinama amwite mumewe, lakini alijua kisima kile kikikosa maji mji mzima utahama. Akajizuia. Akapapasa njia hadi barazani kwa wazee.

"Kombo ameanguka," alisema.

"Umemwona?" aliuliza Mzee Shomvi, kisha akaona haya kwa swali lake. "Siwema, mwanangu, kimeanguka kitu tu. Vitu huanguka."

"Sivyo, baba. Nisikilizeni. Jiwe lile la kwanza," akakunja ulimi, "ngo! Kapu lile: paa! Haya, na hiki nilichosikia leo..." Akavuta pumzi, akafunga midomo, akaiachia: "Pu!"

 Shomvi alisimama, fimbo ikamtoka mkononi. Mwanawe alikufa kwa kuanguka kutoka mnazini, na sauti hiyo aliisikia akiwa chini ya mnazi ule ule. Miaka yote hiyo hakuwa na namna ya kumweleza mtu.

Hakuna aliyemtangulia mzee yule kufika kisimani. Akajilaza kifudifudi, akauvunja mwiko kwa sauti yake yote: "Kombo! Pole, baba! Tunakuja!" Kutoka chini ukapanda mguno. Siwema aliusikia kabla ya wote, akaangua kilio.

Walimtoa kwa kamba, mguu umevunjika, yu hai. Suruali yake ilikuwa imelowa, wakadhani ni damu. Yalikuwa maji. Makelele yote yale, na maji hayakukimbia wala hayakuwa na habari. Kesho yake mtu aliangusha kibuyu kisimani, sauti ngeni ikapanda. Siwema akacheka hadi akashika mbavu, akaiiga: "Chubwi!" Mji mzima ukaitikia.

Na tangu siku hiyo mtu haanguki tu hivi hivi. Huanguka pu, ili hata aliye mbali aujue uzito wake. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkisikia pu nyumba ya jirani, msikae mkaulizana ni nini kimeanguka. Siwema alishajibu. Wekeni sahani chini, mwende.