Mayai ya Sikukuu ya Mavuno

Alikuwepo mama mmoja, na msianze kugeuka kutazamana, simsemi mtu wa humu kanisani. Mama huyu alikuwa na binti wa miaka mitano, soksi nyeupe, viatu vinang'aa. Neno alilomwambia kutwa nzima lilikuwa moja: tulia. Mtoto akiruka, tulia. Akikimbia, tulia, utachafuka. Akisikia ngoma akatikisa bega, tulia, hiyo ni tabia gani?

Kanisani kwao, kila Jumamosi, mwalimu wa watoto aliwafundisha kucheza: kuruka na kutua, kuzunguka, kusimama kwa mguu mmoja. Maana sikukuu ya mavuno watoto ndio wanaotangulia na matoleo, wanacheza mpaka madhabahuni. Mama akampeleka binti mara moja tu. Alipomkuta na vumbi magotini, akamtoa.

"Dada, mwache acheze," mwalimu akamwambia. "Miguu yake bado haijazoeana."

"Mwanangu kazaliwa na miguu yake, mwalimu. Wewe fundisha Biblia. Kukata viuno waachie watu wa baa."

"Nani kakata kiuno hapa? Wanajifunza kuruka."

"Waruke mbuzi."

Sasa sikilizeni kichwa cha mtu kilivyo kigumu. Siku ya mavuno ilipofika, mama huyo huyo akamvalisha binti gauni jipya, akampa kikapu cha mayai, akamsukuma mbele ya mstari. Mwanawe ndiye aongoze, kanisa zima limwone. Mwalimu akawapanga watoto wengine nyuma yake. Ungemwambia nini mtu kama yule?

Ngoma ikalia. Binti akaenda, mkavu kama mti wa ufagio, mpaka kwenye ngazi ya madhabahu. Hapo akajikwaa. Hakupepesuka, hakutanguliza hata mkono. Alianguka mzima mzima, uso ndani ya mayai. Mtoto aliyemfuata, kabeba papai, akajikwaa kwake, akayumba, akazunguka kwa mguu mmoja, akatua, papai mkononi. Watu wakadhani ndiyo mtindo wenyewe, wakapiga vigelegele.

Mama akatoka mbio. "Wamemloga mwanangu. Inuka, wewe. Inuka."

Binti kidevu kinatoka damu, ute wa yai umejaa kwenye kope. Halii, wala hajaribu kuinuka.

"Mama," akasema, "nimetulia."

Mnacheka. Haya, malizeni kucheka, kisha mniambie ni nani aliyemloga yule mtoto.

Mimi nimeshachoka na sisi wenyewe. Mtoto akirusha teke tumboni tunafurahi, tunamwita baba yake aje ashike. Akizaliwa akarusha teke lile lile, tunamwambia tulia. Tunamfunga mgongoni mpaka miguu inaburuza chini, tunamkalisha mbele ya televisheni, halafu tunataka amsifu Mungu kwa mwili tuliomnyima kuujua. Atajuaje kusimama, kama hatukumwacha kuyumba? Atajuaje kuanguka? Maana ataanguka, mama, utake usitake, na siku hiyo hutakuwa pembeni na leso yako.

Mungu hakuumba miguu ile kwa ajili ya soksi.

Jumamosi saa nne asubuhi, hapa nje uwanjani, watoto wanafundishwa kucheza. Waleteni na nguo za kuchafua. Na wewe unayeangalia chini, nimekwisha sema simsemi mtu. Lakini wako mlete.